Kupanga habari za dunia kwenye televisheni za hoteli: anza na saa ya mgeni

Ninasimamia mapokezi katika hoteli moja ya Arusha, si mbali na AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa, na ratiba ya televisheni iko chini yangu. Hoteli nyingi kazi hii haina mwenyewe. Rimoti anayo aliyeifikia kwanza, na chaneli iliyowashwa asubuhi ndiyo inayolala. Mimi naihesabu kuwa sehemu ya ukarimu, kama chai ya moto na taulo safi. Mtu aliye mbali na kwao anataka kujua kwao kumeamkaje.

Kabla ya kugusa king'amuzi, chukua daftari uandike nani anakaa wapi, saa ngapi, na ana dakika ngapi. Kwetu kuna makundi manne. Watalii wanaokwenda Tarangire au Ngorongoro hunywa chai kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, huku gari likiwasubiri nje. Wajumbe wa mikutano ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na wale wenye shughuli Mahakama ya Afrika hutoka saa mbili na nusu na kurudi jioni. Baa hujaa usiku. Na nyuma ya jengo kuna kantini, wanakokula wafanyakazi na madereva. Chaneli moja haiwezi kuwahudumia wote hawa, hata iwe maarufu kiasi gani.

Sasa hesabu ya saa, na hapa usiwe na haraka. Chaneli nyingi za kimataifa hutoa ratiba kwa GMT, saa ya kulinganishia isiyobadilika. Sisi tuko mbele kwa saa 3 mwaka mzima. Ukiongeza 3 kwenye GMT unapata saa anayoisoma mgeni. Ukitoa 3 kwenye GMT hiyohiyo unapata saa yetu ya Kiswahili; ikizidi 12, punguza 12. Kipindi cha 05:00 GMT ni 08:00 kwa mgeni, na kwetu saa mbili asubuhi. Cha 17:00 GMT ni 20:00. Kwenye 17 toa 3 inabaki 14, punguza 12, yaani saa mbili usiku. Kwenye karatasi yangu kila mstari una saa zote mbili, kwa kuwa inasomwa na mgeni wa Berlin na pia na kijana wa zamu ya usiku.

Kisha jua saa za huko wanakotoka. Doha, ilipo Al Jazeera, saa zao ni sawa na zetu. Delhi wako mbele kwa saa 2 na nusu, Beijing kwa 5, Tokyo kwa 6, na hawa hawabadiliki. Wanaobadilika ni Ulaya na Marekani. London iko nyuma yetu kwa saa 3 wakati wa baridi yao na saa 2 wakati wa joto; Paris na Berlin ni 2, kisha 1; New York ni 8, kisha 7. Ulaya husogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Marekani husogeza Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Mwaka 2026, kwa mfano, Marekani ni tarehe 8 Machi na Ulaya tarehe 29 Machi. Katika wiki hizo tatu, kipindi kinachofuata saa za New York kitakufikia saa moja mapema, ilhali cha London bado kiko palepale, na vipindi viwili ulivyovipanga vifuatane vinaweza kugongana. Weka alama kwenye kalenda ya ukutani tangu Januari.

Majirani zetu nao wasisahaulike. Kigali, Bujumbura na Goma wako nyuma yetu kwa saa 1, Kinshasa kwa saa 2. Tangu Kongo ilipojiunga na Jumuiya mwaka 2022, wiki za vikao tuna wageni wengi wanaozungumza Kifaransa, na mjumbe wa Kinshasa ambaye kwao ni saa mbili usiku, hapa tayari ni saa nne. Wiki hizo televisheni ya mapokezi haizimwi saa tatu. France 24 ina chaneli ya Kifaransa na ya Kiingereza, kila moja peke yake. Angalia kifurushi chako kinakupa ipi kabla ya kumwahidi mtu.

Wakati wa kifungua kinywa fuata saa kamili. Chaneli za habari za saa 24 kwa kawaida hutoa vichwa vya habari saa inapoanza, na nusu ya pili huendea makala, michezo, biashara au mahojiano. Mtalii mwenye robo saa akiketi mezani saa moja na nusu asubuhi atakuta makala ya upishi na kuondoka bila kujua lolote. Kwa hiyo saa moja kamili na saa mbili kamili skrini iwe kwenye taarifa, na katikati unaweza kuhamia kwingine. Saa moja asubuhi yetu ni karibu usiku wa manane New York, maana yake siku ya Mmarekani ndiyo imemalizika, na habari zake zote zimekwisha kukusanywa. Sauti iwe chini kabisa, maandishi yaonekane. Mwishoni mwa wiki makala huwa mengi zaidi, basi Jumamosi na Jumapili ziwe na karatasi yao.

Picha za vita wakati watoto wanakula mkate sizikubali. Pakitokea shambulio au tetemeko, nahamisha habari hiyo kwenye skrini ya mapokezi, ambako anayeitaka atasimama aitazame. Na usiiache chaneli moja kutwa nzima. CGTN ni ya serikali ya China, Al Jazeera inagharimiwa na Qatar, DW ya Ujerumani na France 24 zinaendeshwa kwa fedha za umma za nchi zao. Zote zina waandishi wazuri, na kila moja ina mahali inaposimama kutazama dunia. Kuzibadilisha ni kumheshimu mgeni ambaye nchi yake inazungumzwa.

Saa mbili usiku kantini ni Kiswahili. TBC1 au ITV, basi, na hakuna mgeni wala meneja anayebadilisha. Dereva anahitaji kusikia mvua imefanya nini barabarani, na EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, imetangaza bei gani ya mafuta Jumatano ya kwanza ya mwezi. Anahitaji pia habari za nje kwa lugha anayoielewa hadi mwisho. Aliyesikia usiku kwamba kumetokea maafa katika nchi ya mgeni wake, asubuhi atampa pole kabla ya kumpa ratiba ya safari. Nimeona pole hiyo ikimtuliza mtu kuliko chochote tulichoweza kumfanyia sisi wa mapokezi.

Siku kubwa huvunja ratiba, na uchaguzi wa Marekani ni mfano mzuri. Mwaka 2016 ushindi wa Trump ulitangazwa na mashirika ya habari karibu saa nne na nusu asubuhi kwa saa zetu. Mwaka 2020 wa Biden ulitangazwa Jumamosi, siku nne baada ya kura, karibu saa moja na nusu usiku. Mwaka 2024 wa Trump tena, karibu saa saba na nusu mchana. Mara ya kwanza watu wako mapokezi, mara ya pili baa, mara ya tatu wanakula chakula cha mchana. Acha wiki nzima wazi, na kila chumba kiwe na mtu anayejua namba ya chaneli.

Kama uko Moshi, una kundi ambalo sisi hatuna kwa wingi: wanaoshuka Kilimanjaro. Njia ya Machame huchukua siku sita au saba, na wengi hutokea lango la Mweka mchana, wamechoka, wamejaa vumbi. Hata kama simu ilishika kambini, habari wamezipata vipandevipande. Waache waoge na wale kwanza, ukumbi wa chakula ukiwa kimya. Jioni watafutie kipindi cha kupitia habari za wiki, kwa sababu taarifa ya dharura inayoanzia katikati ya jambo itawachanganya.

Karatasi mpya naibandika Jumapili usiku: moja mapokezi, moja kantini, moja kwa mlinzi. Umeme ukikatika na kurudi, king'amuzi kinaweza kuwaka kwenye chaneli nyingine badala ya ile uliyoiacha. Andika namba ya chaneli kando ya kila kipindi, na mlinzi wa usiku awe na ruhusa ya kuirudisha bila kumwamsha mtu.