Rudi hatua moja nyuma, kanuni itajitokeza

Wenye vijana wa sekondari hapa Dodoma, wakikwama kwenye mfuatano wa namba msiwape kanuni ndefu ya kukariri. Chukueni uzio wa shamba la zabibu kule Hombolo. Kipande kimoja kina nguzo 2 na fito 2, jumla miti 4. Kila kipande kinachoongezwa kinadai nguzo 1 na fito 2: 4, 7, 10, 13.

Tofauti ni 3, kwa hiyo andika 3n (n ni nafasi ya namba kwenye mfuatano, hapa ni idadi ya vipande). Kisha rudi hatua moja nyuma ya namba ya kwanza: 4 toa 3 ni 1. Kanuni ni 3n + 1. Hiyo 1 ni nguzo ya kwanza kabisa, iliyosimama kabla uzio haujaanza. Vipande 40 vinataka miti 121, bila kuhesabu mmoja mmoja.

Tofauti zisipolingana, tafuta tofauti za tofauti. Kwa 4, 11, 22, 37 tofauti ni 7, 11, 15, na hizo zinapanda kwa 4. Gawa hiyo 4 kwa mbili (hapa ndipo wengi wanaposahau) upate 2n². Toa thamani zake kwa n = 1 hadi 4, yaani 2, 8, 18, 32, kwenye namba za mwanzo, zinabaki 2, 3, 4, 5, yaani n + 1. Jibu: 2n² + n + 1.

Jaribu n = 4 kabla ya kukabidhi daftari: 32 + 4 + 1 = 37.