Nafasi tupu kwanza: kutengeneza LLZO inayopitisha ioni vizuri

Kwa anayeanza kazi ya elektroliti mango, yaani kitu kigumu kinachopitisha ioni ndani ya betri badala ya kimiminika, namshauri aanze na LLZO, kauri ya Li₇La₃Zr₂O₁₂. Ikiwa tupu, bila nyongeza, kwenye joto la chumba upitishaji wake wa ioni ni karibu 10⁻⁶ S/cm (siemensi kwa sentimita) tu. Lithiamu zake ni kama abiria wa basi lililojaa: kila mmoja kitini, hakuna pa kuhamia. Punguza chache, muundo ugeuke kuwa wa mchemraba, na upitishaji unaweza kukaribia 10⁻³.

Hatua ya 1. Piga hesabu ya chaji kabla ya kugusa mizani. Tantalamu (+5) ikichukua mahali pa zirkoniamu (+4), chaji moja imezidi, hivyo lithiamu moja lazima itoke. Alumini (+3) hufukuza lithiamu tatu na kuacha nafasi mbili tupu, ila yenyewe hukaa katikati ya njia ya ioni. Ndiyo maana napendelea tantalamu. Lenga Li₆.₄La₃Zr₁.₄Ta₀.₆O₁₂. Ukizidisha sana, nafasi zitakuwepo lakini ioni za kuzipitia zitapungua.

Hatua ya 2. Choma La₂O₃ kwa 900 °C kwanza, maana hunyonya unyevu wa hewani na kukudanganya uzito. Kwa moli 0.01 pima La₂O₃ gramu 4.887, ZrO₂ 1.725, Ta₂O₅ 1.326 na Li₂CO₃ 2.601. Hiyo ya mwisho ina ziada ya 10%.

Hatua ya 3. Saga, choma 900 °C, saga tena, kandamiza vidonge.

Hatua ya 4. Hapa ndipo kazi huharibika. Karibu na 1150 °C lithiamu hutoroka kama mvuke, na ziada uliyoweka haitoshi peke yake. Fukia kidonge ndani ya unga uleule, ufunike. Tumia kikombe cha magnesia. Cha alumina kitaingiza alumini na kuvuruga hesabu yako. Kidonge kizuri hulia kikigongwa kwa kibano. Kikimomonyoka pembeni, kipige eksirei: mara nyingi utakuta La₂Zr₂O₇, ambayo hufunga njia ya lithiamu.

Hatua ya 5. Kipige msasa mkavu kuondoa utando wa Li₂CO₃, paka dhahabu pande zote mbili, upime ukinzani kwa mkondo geu wa masafa mbalimbali. Ukinzani mkubwa ukiwa ndani ya chembe zenyewe (fuwele ndogo zinazounda kidonge), rudi kwenye hesabu ya chaji. Ukiwa kwenye mipaka ya chembe, usiguse tantalamu. Kidonge hakijashikana vizuri, rudi kwenye tanuri.