Gesi ikikatika na pilau iko jikoni

Moto ukianza kufifia, washa seredani papo hapo. Makaa huchukua kama dakika 20 kukolea, na mchele hausubiri. Iwashe uani, si ndani ya jiko lililofungwa: moshi wa makaa una sumu isiyonusika.

Tazama maji kwanza. Kama bado yamefunika mchele, bandika sufuria juu ya makaa mengi, yachemke mpaka yakaribie kukauka. Yakishakauka, punguza: makaa matatu manne tu chini, mengi zaidi juu ya mfuniko wa bati ulio bapa. Wengi hukosea hapa, huacha moto wote chini, ukoko ukaungua na juu mchele ukabaki na kiini. Palia dakika 20 hivi bila kufunua.

Ukionja ukakuta punje ngumu, nyunyiza maji ya moto pembeni mwa sufuria, nusu kikombe kwa kilo ya mchele, kisha palia tena dakika 10. Usikoroge. Punje iliyolowa huvunjika, na wageni walialikwa pilau, si bokoboko.

Umeme nao ukikatika, pampu haitapandisha maji tangini, kwa hiyo jaza ndoo mbili kabla ya Magharibi: moja ya kunawa mikono, moja ya chooni. Friji usiifungue, ikibaki imefungwa hutunza baridi kama saa 4. Kachumbari ikate mwisho kabisa, na chumvi tia wakati wa kupakua, la sivyo itatoa maji.