Somo: PCR ya vimelea vya kupe kwa mbwa, kuanzia sikioni hadi kwenye jeli

Jambo yenu. Somo hili ni la wenzetu wa labo hapa Lubumbashi na wale wanaotuletea damu kutoka Kipushi na Likasi. PCR (njia ya kunakili DNA ya kimelea mara nyingi hadi ionekane kama mstari kwenye jeli) ikitoa jibu la uongo, mara nyingi mashine haina kosa: damu ilishaharibika kabla ya kufika mezani. Ndiyo maana nusu ya somo ni damu.

1. Kuchukua damu

Ichukue kabla mbwa hajachomwa dawa yoyote. Diminazeni, dawa ya sindano, hupunguza upesi Babesia (kimelea cha kupe kinachoingia chembe nyekundu za damu), na "hakuna" ya kesho yake haina maana. Weka mililita 1 hadi 2 kwenye chupa ya EDTA (kizuia damu isigande), ile ya kifuniko cha zambarau, kisha igeuze juu chini polepole mara 8 hadi 10. Usiitikise kama soda. Chupa ya kijani ina heparini, na heparini inaziba kazi ya Taq, kimeng'enya kinachonakili DNA kwenye PCR. Jeli itakuwa tupu hata kama mbwa amejaa vimelea.

Toboa pia ncha ya sikio, tone moja, upake slaidi ya Giemsa (rangi ya kuonea vimelea kwa hadubini). Chembe zilizoingiliwa na Babesia hukwama kwenye mishipa midogo, kwa hiyo sikio linaonyesha kuliko mguu. Babesia rossi huonekana vizuri, kama machozi mawili yamekutana ncha. B. vogeli huwa chache mno kwenye damu, na hapo PCR inastahili bei yake.

Njiani, damu ikae nyuzi 4, barafu isiguse chupa. Ikigandishwa, DNA itabaki lakini hesabu ya chembe umeipoteza. Huna barafu? Dondosha damu kwenye karatasi ya kuchujia, ikauke kivulini, uitie kwenye bahasha pamoja na punje za silika za kunyonya unyevu. Jua kali usilitumie kuharakisha.

2. Kutoa DNA

Damu mikrolita 200, proteinezi K mikrolita 20, bafa ya kupasulia mikrolita 200; nyuzi 56 kwa dakika 10. Ongeza ethanoli safi mikrolita 200, pitisha kwenye kichujio cha silika, osha mara mbili. Sasa kitazame: kikiwa bado na rangi ya kutu, hemu (rangi nyekundu ya damu) imebaki na itazuia PCR. Osha mara ya tatu. Halafu kizungushe kikavu kwa dakika 2, hatua ambayo wenye haraka wanairuka. Ethanoli ikibaki, sampuli inaelea na kutoka kwenye kisima cha jeli mbele ya macho yako. Mwishoni ondoa DNA kwa mikrolita 100 za bafa.

Katika kila kundi pitisha chupa moja ya maji matupu, tangu mwanzo hadi mwisho.

3. PCR yenyewe

Kwa mikrolita 25: mchanganyiko tayari wa PCR wa mara mbili (2×) 12.5, praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha pa kuanza kunakili) RLB-F2 na RLB-R2 (mikromola 10) 1 kila moja, DNA 2, maji 8.5. Nyuzi 94 dakika 5. Kisha mizunguko 40 ya 94 sekunde 30, 55 sekunde 30, 72 sekunde 45. Malizia 72 dakika 7. Mstari kwenye jeli ukiwa hafifu, shusha 55 hadi 50. Jeli ya asilimia 1.5, volti 100, dakika 45. Unatafuta kipande cha jozi-besi (kipimo cha urefu wa DNA) 460 hadi 520 cha jeni ya 18S, ambayo Babesia na Theileria wanayo. Urefu huo haukuambii ni Babesia gani. Jina linatoka kwenye kusoma mfuatano au praima za spishi.

Chupa ya maji ikitoa mstari, yaani DNA ya nje imeingia, tupa matokeo yote ya siku hiyo, hata yale yanayokufurahisha. Na chupa iliyotoka kwenye mashine ya PCR isifunguliwe kamwe kwenye chumba cha kuchanganyia.

Maswali

*Katuba: Docta, mbwa anatoka damu ku pua, lakini jeli iko wazi kabisa.*
Praima hizi hazioni Ehrlichia canis, kimelea kingine cha kupe. Ile ni bakteria, haina 18S. Tumia praima za 16S, jeni ya bakteria, na uhesabu chembe sahani (zile zinazosaidia damu kuganda) leo hii.

*Kipushi: Yaya, naweza kupima kupe mwenyewe?*
Ndiyo, mlete kwenye ethanoli ya asilimia 70, si formalini. Ila kupe aliyeshiba amebeba damu ya mbwa. DNA ikipatikana humo, haijathibitisha kwamba kupe ndiye anayeambukiza.

*Kampemba: Umeme ukikatika mzunguko wa 22?*
Anza upya na DNA iliyobaki. Ukikisia mzunguko, utapata mstari usioweza kuutetea. Betri ya akiba kwa saa 2 inatosha.

*Ruashi: Na ng'ombe mwenye tezi zimevimba?*
Ukishuku ndigana kali, ugonjwa wa kupe wa ng'ombe, tafuta jeni p104 ya kimelea chake Theileria parva kwa PCR ya hatua mbili: kwanza jozi-besi 496, kisha 277. Praima za mbwa zitashika hata Theileria mutans, ambayo mara nyingi haina madhara makubwa, uanze kutibu kivuli.

*Likasi: Mbwa alipata imidokabu, dawa ya Babesia, wiki mbili sasa, PCR bado inaonyesha.*
PCR inaona DNA, haijui kama kimelea chenyewe ki hai. Kama mbwa anakula, joto limeshuka na hematokriti (kiasi cha chembe nyekundu) inapanda, usimrudishie sindano kwa sababu ya jeli tu. Mpe sindano ya pili kama ratiba inavyosema, umpime tena baada ya miezi 2.