Kata simu kwanza

Duka langu la M-Pesa liko Mwembe Tayari, Mombasa, na haipiti wiki bila mtu kuingia simu ikiwa sikioni, kijasho chembamba kikimtoka. Juzi alikuwa mzee mmoja wa Kibokoni, kanzu imepigwa pasi, kofia ya vito kichwani. "Mwanangu, nisaidie kumrudishia mtu elfu nne na mia tano zake. Zimenijia kwa makosa, na mwenyewe analia, ana mtoto hospitali." Nikamwambia, "Ami, kata hiyo simu kwanza." Hakutaka. Aliiziba kwa kiganja, akaninong'oneza kuwa si adabu kumkatia mtu aliye na dhiki.

Hapo ndipo matapeli wanapotupatia. Wengi wao hawana ufundi wowote wa kompyuta. Huchukua huruma yako na adabu yako, wakatia na haraka juu yake, basi. Maadamu uko naye kwenye simu, yeye ndiye anayekuamulia. Ukikata, akili inakurudia. Mwenye haki yake atapiga tena, na hapungukiwi na kitu akingoja dakika kumi.

Mzee alipokata, tukautazama ujumbe pamoja. Ulikuwa na kila kitu: jina la mtumaji, saa, hata salio jipya. Lakini ulitoka kwa namba ya kawaida inayoanza na 07. Ujumbe wa kweli hukaa pamoja na jumbe zako zote za zamani, juu pameandikwa MPESA. Hata hivyo mimi humwambia kila mtu aamini salio, asiamini ujumbe. Tukabonyeza *334#, akatia namba yake ya siri mwenyewe huku mimi nimegeuza uso, na salio likatoka lilelile la asubuhi. Hakuna hata shilingi iliyoingia.

Je, zingekuwa zimeingia kweli? Bado usimrudishie kwa mkono wako. Mwambie aliyekosea aupeleke ujumbe wake wa M-Pesa kwa namba 456 ya Safaricom, wenye M-Pesa, aombe zirudishwe. Hiyo ndiyo njia yake, nayo haipitii kwako. Na ule ujumbe wa uongo usiufute tu. Upeleke kwa namba yao ya 333, ni bure.

Kilichomchanganya zaidi mzee ni kwamba yule mtu alimwita kwa majina yake matatu. Jina lako si siri. Kila unapotoa pesa au kuingia jengo lenye mlinzi, unaandika jina, namba ya simu na kitambulisho kwenye daftari ambalo anayekufuata hulisoma lote. Mimi dukani hufunika kurasa kwa kipande cha kadibodi, ni mstari wako tu unaoonekana. Kama wakala wako hafanyi hivyo, mwambie afunike. Kwa sababu hiyo pia, namba ya siri isiwe mwaka uliozaliwa. Huo umeandikwa kwenye kitambulisho. Na anayedai anapiga kutoka Safaricom, tazama namba: wao wenyewe wametangaza kwamba humpigia mteja kwa 0722 000 000. Namba ya siri hawakuulizi kamwe.

La pili linanigusa mwenyewe. Mkesha wa Idi, shangazi yangu alipata ujumbe kwenye WhatsApp kutoka kwa mwanachama mwenzake wa chama cha kuchangiana pesa: "Kuna tarakimu sita nimezituma kwako kimakosa, nitumie." Akatuma. Kumbe aliyeandika si mwenzake, ni mwizi aliyekwisha kuiteka WhatsApp ya huyo, na zile tarakimu zilikuwa ufunguo wa WhatsApp ya shangazi. Baada ya robo saa, wanachama kumi na wawili walikuwa wanaombwa shilingi 3,500 kila mmoja "mpaka kesho". Tuligundua kwa sababu shangazi hajui kuandika maneno marefu; yeye hutuma sauti tu, na sauti yenyewe huanza kwa salamu isiyoisha. Wawili walikuwa wameshatuma.

Tulifanya hivi: nilisajili upya WhatsApp kwa laini yake, tarakimu mpya zikaja kwenye simu yake, tukazitia, mwizi akatolewa. Kisha tukaingia Mipangilio, Akaunti, Uthibitishaji wa hatua mbili, tukaweka namba ya siri ya pili. Fanya hili leo, kabla hujaibiwa, maana mwizi akiiweka yake kwanza, huenda ukangoja siku saba kurudi. Na kwenye chama chenu kubalianeni: ombi lolote la pesa lithibitishwe kwa kupigiana simu na kusikia sauti.

Laini nayo ifungwe. Kwa Safaricom, bonyeza *100*100# ili mtu asiweze kuibadilisha kwa wakala yeyote tu. Bonyeza *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Bonyeza *#06#, uandike zile tarakimu 15 za kuitambulisha simu yako kwenye karatasi ya nyumbani. Siku simu ikichomolewa kwenye msongamano wa feri ya Likoni, utazihitaji. Faili yenye mwisho wa .apk, yaani programu ya kuingizwa kwenye simu, iliyotumwa WhatsApp, hata na ndugu, usiifungue.

Na kwa vijana wanaotumiwa matangazo ya kazi za Uarabuni: usitume ada ya usajili kabla ya kuhakikisha kwamba wakala ana leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Nimewaona wasichana wakituma akiba ya mama zao mbele yangu, wanakataa kusikia, na hilo linaniuma kuliko wizi wote mwingine.

Kama umeshatuma, usione haya ukanyamaza. Dakika hiyohiyo peleka ujumbe wa muamala kwa 456, kisha piga 100, huduma kwa wateja ya Safaricom. Piga picha mazungumzo yote yalivyo kwenye kioo, na usifute kitu hata kama kinakukera kukitazama. Nenda kituo cha polisi kilicho karibu, utoe maelezo, na usiondoke bila namba ya OB, ile ya kitabu cha matukio cha polisi.