Kabla ya kuomba seli za kinga: hakikisha CMV ni sugu kweli

CMV (saitomegalovirusi) ni kirusi kinachoweza kumwathiri aliyepandikizwa figo. Akiambiwa "dawa haishiki", ndugu huanza kuulizia seli T za nje ya nchi, yaani seli za kinga za mtu mwingine zinazokitambua kirusi hicho. Ngojeni kidogo. Mara nyingine tatizo ni dozi, si kirusi.

Dozi ya tiba kwa mtu mzima ambaye figo yake inachuja vizuri ni valgansikloviri (dawa ya CMV) miligramu 900 mara mbili kwa siku, baada ya kula. Mara moja kwa siku ni ya kukinga tu. Dawa hii ikishusha chembe nyeupe za damu, muone daktari. Ukipunguza vidonge mwenyewe, virusi sugu, vyenye mabadiliko kwenye jeni yao ya UL97, ndivyo vitakavyobaki na kuzaana.

Pima wingi wa virusi kila wiki, maabara ileile. Kama baada ya wiki 2 za dozi kamili havijapungua hata mara kumi, tuseme kutoka 50,000 hadi 5,000, omba kipimo cha usugu cha jeni za kirusi za UL97 na UL54.

Kipimo cha takrolimasi, dawa ya kuzuia mwili usiikatae figo, huharibiwa na safari. Ukitoka Arusha kwenda kliniki Moshi alfajiri, kidonge cha takrolimasi kiweke mfukoni. Uliyemeza saa 2 usiku, tolewa damu saa 2 asubuhi, ndipo umeze. Ukimeza stendi, kipimo kitapanda kwa uongo, daktari atapunguza dawa, na mwili unaweza kuikataa figo.

Usugu ukithibitika, kuna foskaneti, ambayo huumiza figo, na maribaviri, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2021. Vikishindikana ndipo seli. Hutoka kwa mtu mwenye afya aliyewahi kupata CMV, na lazima mshirikiane alama ya HLA (alama za juu ya seli zinazolinganishwa katika upandikizaji) ambayo seli hizo hukitambulia kirusi. Bila hiyo zitapita tu. Kwa hiyo beba majibu ya HLA yako na ya aliyekupa figo, orodha ya vipimo vya virusi yenye tarehe, kreatinini (kipimo cha kazi ya figo) na dawa zote. Prednisoloni (dawa ya steroidi) nyingi huziua seli hizi: majaribio mengi hutaka isizidi nusu miligramu kwa kilo kwa siku, yaani miligramu 30 kwa mtu wa kilo 60.

Kwa CMV tiba hii ya seli bado ni ya majaribio. Dai fomu ya ridhaa kabla ya kulipa chochote.

Kudungwa seli ni dakika chache. Wiki zinazofuata, pima virusi na kreatinini kila wiki. Homa au mkojo kupungua, nenda hospitali siku hiyohiyo.