Ukienda Listvyanka, beba fedha taslimu

Kwa yeyote anayepanga kuliona Ziwa Baikal huko Urusi: kijiji cha Listvyanka kiko kama kilomita 70 kutoka mji wa Irkutsk, na mabasi madogo, wenyewe huyaita marshrutka, hukufikisha kwa saa moja na kitu. Badilisha fedha uwe na rubli mkononi kabla ya kuondoka mjini. Kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa nje ya Urusi hazifanyi kazi nchini humo tangu Machi 2022, na mama anayeuza samaki sokoni hawezi kukusaidia.

Sokoni hapo nenda na njaa. Samaki wa moshi huuzwa wangali na joto, unakula kwa mikono ukitazama maji. Ni tamu mno!

Beba koti hata mwezi wa Julai, maana upepo wa ziwani ni baridi. Ukienda Februari, ziwa lote limeganda, ila pale mto Angara unapoanzia, jirani na kijiji, maji hayagandi na bata hukaa hapo majira yote ya baridi. Usikanyage barafu upande huo.